Diski ya nje imeanguka ikiwa inafanya kazi: nianzie wapi kuokoa data?

Karani (muuliza swali)

Wakuu, naomba ushauri kabla sijagusa kitu kingine chochote. Nina diski ya nje ya inchi 2.5 yenye ujazo wa terabaiti 1, ile inayopata umeme kupitia waya wa USB peke yake. Ilivutwa na waya ikaanguka kutoka mezani wakati faili zikiendelea kunakiliwa. Tangu hapo taa inawaka, diski inasikika ikizunguka, na katika sehemu ya Windows ya kusimamia diski inaonekana na ujazo wake sahihi. Lakini mahali palipopaswa kuandikwa NTFS, yaani mfumo wa faili wa Windows, pameandikwa RAW, na kila ninapoichomeka kompyuta inanitaka niifomati kwanza ndipo niweze kuitumia. Haigongigongi mfululizo. Ila mara mojamoja hunyamaza kidogo, hutoa mlio mfupi mkavu, kisha huendelea kuzunguka.

Ndani yake mna rasimu ya tasnifu, picha za miaka mingi na video za mahojiano ambazo hazipo mahali pengine popote. Nimeshapewa mawaidha matatu yasiyoelewana: wa kwanza anasema niendeshe chkdsk, ile programu ya Windows ya kukagua na kurekebisha diski, wa pili anasema niifunge katika mfuko na kuilaza kwenye friza usiku kucha, na wa tatu anasema niifungue nihamishie sahani zake katika diski nyingine ya aina ileile. Ni lipi lenye msingi, na kazi hii hufuata mpangilio gani?

Fundi Saketi

Ndugu Karani, hakuna hata moja kati ya hayo matatu la kufanya sasa, na mawili kati yake yanaweza kuimaliza diski kabisa.

Nianze na la kuifungua, kwa kuwa ndilo hatari zaidi. Kichwa cha kusomea hakigusi sahani; huelea juu yake kwa umbali wa nanomita chache tu, huku ukingo wa sahani ya diski ya inchi 2.5 inayozunguka mara 5,400 kwa dakika ukipita chini yake kwa kasi inayozidi kilomita 60 kwa saa. Chembe ya vumbi la kawaida la chumbani ni kubwa mara nyingi kuliko nafasi hiyo, kwa hiyo ikiingia hapo kichwa kitaigonga na kuiburuza juu ya sahani, na mahali palipokwaruzwa sumaku iliyobeba data huwa imetoka na haiwezi kurudishwa na mtu yeyote. Kuhamisha sahani au vichwa ni kazi ya chumba chenye hewa iliyochujwa na vifaa maalumu. Friza nayo huleta unyevu: diski ikitolewa kwenye baridi, mvuke wa hewa hugeuka kuwa matone, nayo diski nyingi zina tundu dogo la kupumulia.

Kuhusu chkdsk, watu wengi huielewa vibaya. Kazi yake ni kuufanya mfumo wa faili uwe na mpangilio unaokubalika, si kuokoa faili zako, na ili kufikia lengo hilo huandika juu ya diski ileile iliyo mgonjwa. Ikikutana na rekodi isiyoielewa inaweza kuifuta, au kuvitupa vipande vya faili katika folda moja vikiwa na majina kama FILE0000.CHK. Juu ya diski nzima iliyochomolewa vibaya tu inafaa. Juu ya diski iliyoanguka, hapana.

Dalili ulizozieleza zinanipa matumaini. Diski inayotaja ujazo wake sahihi kwa kawaida imefaulu kusoma sehemu ya siri ya sahani ambamo programu zake zenyewe huhifadhiwa, maana yake mota inazunguka na vichwa havijafa vyote. RAW inaonyesha kwamba Windows imeshindwa kusoma sekta (kipande kidogo cha diski) ya mwanzo ya patisheni, yaani ya sehemu ya diski iliyotengewa faili, au jedwali kuu la faili, kama kitabu ambacho ukurasa wa yaliyomo umechanika lakini sura zake zipo. Kule kunyamaza, nadhani, ni pale diski inaporudia kusoma sekta iliyoharibika. Lakini ikianza kugonga mfululizo, au ikitoa mlio wa kulia bila kuzunguka, au ikitaja ujazo wa sifuri, chomoa waya mara moja na usijaribu tena. Hapo panahitajika maabara, na kila dakika ya kuzunguka hupunguza kitakachobaki cha kuokolewa.

Mlinzi wa Nakala

Nakubaliana na Fundi Saketi, nami nitaeleza kazi yenyewe. Sharti lake ni moja: diski mgonjwa husomwa tu, haiandikwi, na marekebisho yote hufanyika juu ya nakala. Programu nyingi za kuokoa data hukualika uanze kuchanganua diski moja kwa moja, zikapita juu yake tena na tena zikitafuta faili, jambo ambalo diski iliyoumia haiwezi kulivumilia.

Tafuta diski nyingine yenye nafasi wazi inayozidi terabaiti 1, isiyo katika mfumo wa faili wa FAT32, kwa sababu mfumo huo haupokei faili moja inayofikia gigabaiti 4. Washa kompyuta kwa mfumo endeshi wa Linux kutoka kwenye flashi, kwa maana Windows huanza kuisoma diski yenyewe pindi unapoichomeka. Zuia pia Linux isiifungue diski hiyo kiotomatiki. Hakiki majina ya diski kwa amri ya `lsblk`, ukilinganisha ujazo na modeli, na uhakiki mara ya pili; katika amri zangu nachukulia diski mgonjwa ni `/dev/sdb`. Kisha tazama afya yake kwa `smartctl -a /dev/sdb` (baadhi ya maboksi ya USB huhitaji kuongezewa `-d sat`) na usome mistari yenye namba 5, 197 na 198: wa kwanza huonyesha sekta zilizokwisha kubadilishwa, wa pili zile zinazosubiri kuamuliwa, na wa tatu zile zilizoshindikana kusomwa.

Baada ya hapo tumia GNU ddrescue ya Antonio Diaz Diaz, programu ya kunakili diski zilizoumia, ukiwa ndani ya folda ya diski mpya:

`sudo ddrescue -d -n /dev/sdb diski.img diski.map`

Uzuri wa programu hii ni kwamba hukimbilia kwanza yale yanayosomeka kwa urahisi, ikaruka maeneo magumu na kuyarudia baadaye, na kila hatua huandikwa katika ile faili ya ramani. Umeme ukikatika, au ukiamua kuipumzisha diski kwa sababu imepata joto, unatoa amri ileile na kazi inaendelea palepale ilipoishia. Usiipoteze ramani. Mzunguko wa kwanza ukikamilika ndipo unaporudia maeneo yaliyobaki:

`sudo ddrescue -d -r3 /dev/sdb diski.img diski.map`

Kuhusu muda, diski nzima ya terabaiti 1 inayosomeka kwa megabaiti 100 kwa sekunde huchukua takriban saa 2 na dakika 47, ilhali iliyoumia inaweza kuchukua siku kadhaa. Usikae kuitazama.

Karani

Nawashukuru sana. Nimefuata maelekezo. Mstari wa 5 unasoma 0, wa 197 unasoma 212, na mzunguko wa kwanza umenipa asilimia 99.6 ya diski. Mzunguko wa pili umeanza vizuri, lakini sasa kasi imeshuka hadi kilobaiti chache kwa sekunde, na mara mbili diski imejitoa na kurudi ikiwa na jina la `/dev/sdc`. Je, niitoe katika boksi lake niiunganishe moja kwa moja kwa SATA, yaani waya wa diski za ndani ya kompyuta? Nimesoma mahali kwamba boksi la USB ndilo huleta kikwazo.

Mkaguzi

Usiitoe bado. Ushauri wa kutoa diski katika boksi ulikuwa mzuri sana kwa maboksi ya zamani, na bado unafaa kwa yale ya inchi 3.5 yenye adapta ya umeme, ambamo saketi ya USB huungua mara nyingi huku diski yenyewe ikiwa salama. Kwa diski ndogo za siku hizi mambo ni tofauti: katika nyingi tundu la USB limechomewa kwenye bodi ya diski yenyewe, hivyo hutakuta soketi ya SATA hata ukifungua. Isitoshe, baadhi ya modeli husimba data zote kwa siri hata kama mwenyewe hukuweka nywila, na ufunguo hutegemea saketi ileile ya USB. Ukiikwepa utasoma takataka tupu. Kwa sababu inayofanana na hiyo sishauri mtu kununua bodi ya modeli ileile na kuibadilisha hivihivi, kwani bodi huwa na chipu yenye vipimo vya diski moja mahususi na chipu hiyo lazima ihamishwe.

Anza na umeme. Diski kujitoa na kurudi mara nyingi ni upungufu wa umeme: tundu la USB 2.0 huahidi miliampea 500, la USB 3.0 huahidi 900, na waya mrefu au kigawanyio kisicho na adapta yake hupunguza kinachofika. Tumia waya mfupi, tundu lililo kwenye kompyuta yenyewe, kisha endelea na ramani ileile ukibadilisha jina la diski kwenye amri. Ramani haijali jina. Ikijitoa tena, acha. Asilimia uliyopata ni kubwa, na kung'ang'ania kilichobaki kunaweza kuua vichwa.

Tena, kupeleka diski maabara si kuitupa. Mwaka 2003 chombo cha anga cha Columbia kilipasuka kikirejea duniani, na diski iliyookotwa katika mabaki yake ikiwa imeungua na kuchafuka ilitoa takriban asilimia 99 ya data za jaribio la gesi ya zenoni. Sehemu za sahani zilizoharibika hazikuwa zile zilizobeba data. Hali ya ganda haisemi mengi. Cha kuulizia ni hali ya sahani.

Mlinzi wa Nakala

Mkaguzi amenena vyema. Sasa weka diski kando na ufanye kazi na `diski.img`. Fungua nakala hiyo kwa TestDisk ya Christophe Grenier, programu ya kurejesha patisheni na faili. NTFS huweka nakala ya sekta yake ya mwanzo mwishoni mwa patisheni, pamoja na kioo cha rekodi chache za mwanzo za jedwali kuu, kwa hiyo mara nyingi TestDisk huonyesha folda zote zikiwa na majina yake, nawe unazinakili kwenda kwingine. Ikishindikana ndipo utumie PhotoRec. Hiyo haitazami mfumo wa faili kabisa. Hutambua faili kwa baiti zake za mwanzo, kama FF D8 FF kwa picha za JPEG, hivyo utapata picha nyingi zisizo na majina wala folda, na video zilizotawanyika katika vipande zitatoka zikiwa zimekatika. Nisingeanza nayo.

Faili kuonekana katika orodha si ushahidi kwamba ni nzima, kwa sababu sekta zilizoshindikana hubaki sifuri ndani ya nakala. Nakili `diski.img`, kisha juu ya ile nakala ya pili tumia njia ya ujazaji ya ddrescue, ambayo huandika maneno unayoyachagua mahali penye kila sekta iliyokosekana:

`printf "SEKTA-MBOVU " > alama.txt`

`ddrescue --fill-mode='?*/-' alama.txt nakala.img diski.map`

Ifungue nakala hiyo kwa kusoma tu, kisha utafute maneno hayo ndani ya faili zote kwa `grep -rl "SEKTA-MBOVU"`. Orodha itakayotoka ndiyo ya faili zilizoguswa na uharibifu. Picha iliyokosa sekta moja hufunguka ikiwa na mstari wa kijivu. Hati ya docx hubanwa ndani kama zipu, hivyo inaweza kukataa kabisa kufunguka. Tasnifu yako ikiwamo, tafuta toleo lake katika viambatisho vya barua pepe ulizomtumia msimamizi kabla hujaamua kuirudisha diski kwenye umeme.