Bunduki za porini tulizozidharau: tupeane uzoefu

Mtoto wa Katuba

Jambo yenu. Nipo Lubumbashi. Kila jioni nikikaa kwenye michopo (nyama choma) na wazee waliowahi kuwinda, mazungumzo yanaishia kwenye Kalashnikov au kwenye zile kalibre kubwa za matajiri waliokuja kuua tembo. Zilizobaki zote zinaitwa "ile ya zamani". Inaniuma, kwa sababu ile ya zamani ndiyo iliyotulisha sisi watoto saba. Tuambizane basi: ni bunduki gani uliishi nayo, ya kuwinda au ya kulinda shamba, ambayo watu hawaijali na wewe unaijua thamani yake? Za vita tuziache. Zimetutosha.

Naanza mimi. Baba alikuwa na Mauser ya kalibre 9.3x62 iliyotengenezwa na FN, kiwanda cha silaha cha Herstal, Ubelgiji. Kibali chake cha kuwinda kilikaa kwenye mfuko wa nailoni, ndani ya sanduku, chini ya suti ya harusi. Kazi yangu ilikuwa kuipangusa bunduki kwa kitambaa chenye mafuta. Kwenye chuma, karibu na kulasi (kile chuma unachovuta na kusukuma kufunga nyuma ya mtutu), palikuwa na alama ndogo yenye umbo la yai, ndani herufi ELG, juu yake taji. Niliamini ELG ni jina la Mzungu aliyeimiliki kabla ya baba. Nilikuwa mtu mzima nilipojua kwamba ni mhuri wa majaribio wa Liège: bunduki inapigwa kwanza na baruti iliyozidishwa, isipopasuka ndipo inagongwa mhuri.

Risasi yenyewe aliibuni Otto Bock, fundi wa Berlin, mwaka 1905. Akili yake ilikuwa hapa: aliipima iingie kwenye Mauser 98 ya kawaida, isihitaji bunduki ya bei ya shamba zima. Kichwa chake kina gramu 18 na nusu, kizito kumlaza nyati, lakini teke lake bega linalivumilia.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi mtumbwi ulipinduka kwenye mto Lufira. Baba mdogo alizama mara nne ndipo akaipata bunduki matopeni. Baba alimwaga maji mtutuni, akachomoa kulasi, akaitenganisha kwa vidole tu, hakuna bisibisi, akapanga vipande juu ya shati lake juani: kulasi, kipigio, springi. Kufika jioni tulikula nguruwe pori. Nionyesheni hiyo ya kisasa itakayofanya vile.

Mlinzi Mstaafu

Mwanangu, umenikumbusha mbali. Hiyo Mauser ina kucha ndefu ubavuni mwa kulasi, umeisahau kuitaja. Ile kucha inaikamata risasi tangu inapotoka kwenye sanduku la risasi la bunduki. Mtu akiogopa, mkono ukarudi nusu njia, risasi inarudi pamoja na kulasi, haibaki ndani kuizuia inayofuata. Nimemwona mwenzangu akiokolewa na kucha hiyo mbele ya nyati jike mwenye ndama.

Umesema za vita tuziache, nakuheshimu. Ila mimi nililinda hifadhi ya Upemba miaka kumi na moja, na FAL niliyopewa, ingawa ni bunduki ya jeshi, ilikuwa ya kulinda wanyama. Nayo ni ya FN, aliichora Dieudonné Saive. Vijana hawakuitaka: ndefu, zaidi ya mita moja, kilo nne na zaidi bila risasi. Walitaka fupi. Lakini mwezi wa nane, nyasi zikishachomwa, majivu yanaingia kila mahali mpaka kwenye meno. FAL inaanza kusuasua. Basi kuna pete ndogo mbele, juu ya mtutu, ya kupimia gesi ya baruti inayoiendesha. Unaizungusha kidogo, inapata pumzi, unaendelea na doria. Ukirudi kambini unaisafisha na kuirudisha ilipokuwa. Ilinifundisha kuisikiliza, maana kabla ya kukwama ilibadilisha sauti.

Mama Mahindi

Jambo baba. Mimi si mwindaji. Mume wangu alifariki akaniachia watoto wanne, shamba mukini (kijijini) upande wa Kasenga, na kalibre 12, bunduki ya chembe, ya mtutu mmoja. Karatasi zake nilizihamishia jina langu, ilinichukua miezi mingi ya kwenda na kurudi.

Watu huicheka kwa kuwa inabeba risasi moja. Mimi naipendea hiyo hiyo moja. Ukiivunja katikati, mtutu unalala chini na tundu linabaki wazi: hata mtoto akiwa ng'ambo ya ua anaona kwamba haina kitu. Naitembeza shambani ikiwa imevunjwa, iko kwenye mkono, risasi mfukoni mwa kitenge. Mchana ni nyani, usiku ni nguruwe pori. Mara nyingi napiga juu tu, wanakimbia. Mwaka mzima sikufikisha risasi kumi, na bukari (ugali) haikukosekana mezani.

Fundi wa Kampemba

Mama, kwa heshima zote: 12 haina mistari ndani ya mtutu. Tunazungumzia bunduki zenye mistari inayozungusha risasi. Hiyo ni nyingine kabisa.

Mtoto wa Katuba

Yaya, ndugu yangu Fundi, ni kweli, lakini kwetu zote ni bunduki. Mama abaki. Aksanti sana Mama, ile ya mtutu kulala wazi inafaa kila mwenye watoto nyumbani aisome mara mbili.

Mwalimu wa Historia

Mmetaja Ubelgiji na Berlin, mmeisahau pupu ya babu zenu, ile ya kienyeji ya kushindilia baruti mdomoni. Vijana wanaiona ni ushamba. Hebu nieleze.

Kabla ya Wabelgiji, Bunkeya, mji mkuu wa Mfalme Msiri hapa Katanga, ilikuwa njia panda ya biashara. Shaba na pembe za tembo zilitoka, kuelekea Benguela upande wa magharibi na pwani ya Waswahili upande wa mashariki, bunduki na baruti zikarudi. Halafu tarehe 2 Julai 1890 mataifa yakatia sahihi Mkataba wa Brussels. Ule uliopiga vita utumwa, ndiyo, lakini ulikuwa na sehemu ya silaha: kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini, bunduki zenye mistari na zile za kisasa zisiingizwe kwa Waafrika. Zilizoweza kuruhusiwa ni za gumegume, zisizo na mistari, pamoja na baruti ya kawaida. Msiri aliuawa Desemba 1891, mwaka uliofuata.

Kwa hiyo babu aliyeshika gumegume wakati dunia ina Mauser hakuwa mjinga. Ndiyo aliyoachiwa. Ikiharibika, mhunzi wa kijiji aliitengeneza kwa moto wa makala (makaa) na nyundo. Hiyo ni elimu, na hakuna shule iliyompa cheti.

Kijana wa Likasi

Mwalimu, historia naikubali. Ila baba yangu mdogo ana vidole viwili mkono wa kushoto. Pupu ya mtutu wa bomba la maji ilipasuka akiwa ameishika hapo hapo. Hakuna mhuri wa ELG kwenye bomba. Tafadhali mtu asisome hapa akaenda kuipiga ya babu yake.

Mwalimu wa Historia

Pole sana kwake, na umesema vizuri. Yangu iko ukutani, tundu limezibwa na risasi iliyoyeyushwa. Ikae hapo hapo.

Kanga Mmoja

Mimi bunduki yangu ni 22 tu, ile ya risasi ndogo. Kelele yake kama kijiti kinavunjika, kanga anaanguka na nyama haijaharibika, wenzake hata hawaruki. Wanaosema ni ya watoto hawajawahi kula kanga aliyejaa chembe za 12 kwenye meno.

Dada wa Goma

Nimesoma zote nikiwa kimya. Hapa kwetu mlio wa bunduki maana yake ni kulala sakafuni na watoto, mbali na madirisha. Sikutegemea kusoma hadi mwisho.

Lakini babu alikuwa na karabini ya hewa, ile unayoikunja mtutu kuijaza, na vidonge vya diabolo, risasi zake ndogo, kwenye kopo la maziwa. Alikaa mlangoni jioni akilinda maharage dhidi ya panya. Tuliruhusiwa kumpa kidonge kimoja kimoja, kwa zamu, na vidole vyetu vilibaki na rangi ya risasi, bibi akatunawisha kwa sabuni. Hiyo ndiyo bunduki pekee ninayoweza kuikumbuka bila tumbo kuuma. Naomba nayo ihesabiwe.

Mtoto wa Katuba

Imehesabiwa, dada. Mungu awalinde huko.

Niongeze moja. Kitako cha Mauser ya baba kilipasuka zamani kwenye shingo, kikafungwa waya. Mwezi huu seremala mmoja wa Kenya, mtaa wetu wa hapa Lubumbashi, amenichongea kipya cha mninga. Amekichonga kwa kupaka masizi ya kibatari kwenye chuma, anabandika, anatoa, anakwangua palipochafuka, anarudia. Siku tisa. Sasa chuma kimekaa kama mguu ndani ya kiatu chake. Lakini mti bado ni mkavu, unanyonya. Mafuta ya kitani siyapati mjini. Nipake nini, wazee? Mawese?

Mlinzi Mstaafu

Mawese usithubutu, panya watakimaliza. Tafuta nta ya nyuki wa miombo, iyeyushe taratibu juu ya makala, upake ikiwa ya moto na usugue kwa kiganja, si kitambaa. Rudia kesho yake na keshokutwa. Ukimaliza, tuonyeshe picha.