Mgombea udiwani Dar es Salaam: taka, mikopo ya asilimia 10 au barabara, kipi kitangulie?

Mwanakampeni wa Bondeni (mwanzisha mada)

Ndugu wanajukwaa, salaam. Nimo katika timu ndogo inayomsaidia jirani yetu anayejiandaa kugombea udiwani katika kata moja ya Dar es Salaam, kata ya bondeni yenye nyumba zilizobanana na mto unaofurika masika yakikolea. Tumekaa vikao vinne barazani kwake na bado hatujakubaliana ni jambo gani liandikwe juu kabisa ya kipeperushi chake. Mapendekezo ni matatu: kurekebisha uzoaji wa taka, kusimamia mikopo ya asilimia 10 inayotolewa na halmashauri iwafikie akina mama na vijana wa kata, na kupigania lami au angalau zege katika barabara za ndani. Mgombea anaelemea barabara, kwa kuwa ndizo anazoulizwa kila anapopita. Mimi naelemea taka. Naomba mlinganishe, na tafadhali msiishie kusema kwamba yote ni muhimu, maana hilo tuliambizana tangu kikao cha kwanza.

Karani Mstaafu

Nimeandika mihtasari ya vikao vya kata kwa miaka mingi, hivyo nitaanza na barabara, kwa sababu ndiko wagombea wengi wanakojifunga kitanzi. Tangu TARURA ilipoanzishwa mwaka 2017, barabara za mijini na vijijini zilizokuwa mikononi mwa halmashauri zilihamia kwa wakala huo, ulio chini ya TAMISEMI (ofisi ya serikali kuu inayosimamia tawala za mikoa na serikali za mitaa), pamoja na wahandisi wake na bajeti yake. Diwani anaweza kuomba, kukumbusha na kuwasilisha orodha iliyopitishwa na Kamati ya Maendeleo ya Kata, ambayo yeye ndiye mwenyekiti wake na Mtendaji wa Kata ndiye katibu, lakini haamui greda lianzie mtaa upi. Anayeahidi lami anaahidi fedha iliyo mfukoni mwa mtu mwingine. Maji ni hivyo hivyo. Hayo ni ya DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam.

Taka ni habari nyingine kabisa. Halmashauri ndiyo inayotunga sheria ndogo, inayopanga ada, inayompa mkandarasi au kikundi kazi ya kuzoa na inayoweza kumwondoa akishindwa, na kila hatua katika hizo hupita kwenye kamati au kwenye baraza, mahali ambapo diwani ana kiti na kura. Mgombea wenu achague jambo ambalo akiulizwa baada ya mwaka mmoja hatakuwa na wa kumsingizia.

Mama Lishe wa Stendi

Shikamoo mzee wangu Karani. Nakubaliana nawe kuhusu barabara, ila kuhusu taka sikubali zitangulie. Mikopo ya asilimia 10 haihitaji kuombwa kwa mtu, kwa kuwa tangu mwaka 2018 imo ndani ya sheria: halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, asilimia 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, bila riba. Ilisimamishwa mwaka 2023 na kurejeshwa 2024, na katika kipindi hicho chote sisi wa majiko ya kando ya barabara tulikuwa tunakopa kausha damu, mikopo ya mitaani yenye riba kubwa, ambayo ukikopa Jumatatu, Ijumaa mkusanyaji amekaa kwenye benchi lako anahesabu sahani unazouza.

Kikundi chetu kiliomba katika halmashauri nisiyoitaja. Fomu ilirudishwa mara tatu. Mara ya kwanza katiba ilikuwa na ukurasa uliochapwa kwa wino hafifu, mara ya pili muhuri wa mtaa ulikuwa umegusa sahihi, na mara ya tatu hatukuelezwa sababu. Kunyimwa si hoja yangu, maana fedha haiwezi kutosha wote. Kilichotuuma ni kwamba mpaka leo hakuna karatasi iliyobandikwa kwenye ubao wa matangazo wa kata ikionyesha ni vikundi gani vilipata, vilipata kiasi gani na vimerejesha kiasi gani. Diwani anaweza kulisimamia hilo hata kama hana shilingi ya kujenga chochote. Hiyo ndiyo iwe ahadi ya kwanza.

Karani Mstaafu

Marahaba, mwanangu. Hoja ya ubao ni nzito na nisingeipinga. Nakumbusha tu kwamba hiyo ni asilimia 10 ya mapato ya ndani, yaani leseni, ushuru wa masoko, ada na vinginevyo. Makusanyo yakivuja, mfuko wenu nao unapungua. Kwa hiyo diwani anayetaka mikopo inenepe aanze kwa kuuliza kwenye baraza, ambalo kwa kawaida hukutana kila robo mwaka, kwa nini makusanyo ya soko fulani yameshuka ilhali meza zimeongezeka.

Fundi wa Mitaro

Kwa kata ya bondeni, mimi sioni taka na mafuriko kuwa mambo mawili. Jiji limewekeza kwenye mifereji mikubwa; mradi wa DMDP wa kuendeleza miundombinu ya Dar es Salaam, uliofadhiliwa kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ulijenga kingo za Mto Ng'ombe pamoja na barabara na mifereji katika manispaa zake. Lakini mtaro hauna faida ukiwa umeziba. Kabla ya masika nilikuwa na vijana tukifunua mfuniko mmoja wa zege usiozidi hatua mbili, na ndani yake tukatoa godoro lililokunjwa, pampasi zisizohesabika, vifuu vya nazi na viroba vya saruji vilivyogandia chini kama mawe. Mwenye nyumba iliyo mkabala alisimama akitutazama, kisha akatuuliza kama tunaweza kuondoka na mfuko wake pia, kwa kuwa lori lilikuwa halijafika kwa wiki tatu. Sikumlaumu.

Tatizo la lori lina chanzo kinachojulikana. Taka hutoka mtaani kwa guta au mkokoteni hadi kizimbani, yaani mahali pa kukusanyia taka, na kutoka kizimbani hupelekwa dampo la Pugu Kinyamwezi, ambako kutoka kata nyingi za Kinondoni ni kuvuka jiji zima pamoja na foleni zake. Kila kilo ya maganda ya ndizi inayosafirishwa huko inachoma dizeli bure. Kinondoni ilijenga kiwanda cha mboji Mabwepande kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, na taka za sokoni ndizo zinazofaa zaidi huko, mradi zisichanganywe na plastiki. Mgombea aahidi kutenganisha taka za sokoni kwanza. Kaya zije baadaye, kwa sababu soko lina mlango mmoja na kaya zina maelfu ya milango.

Tena asianze kwa kubuni takwimu. Mwaka 2015 mradi wa Ramani Huria uliwatumia wanafunzi wa vyuo na wakazi wenyewe kuchora mitaro na nyumba za kata zinazofurika. Aanzie kwenye ramani hizo.

Mkaazi wa Likoni

Hamjambo ndugu zetu. Huku Kenya, tangu mwaka 2013 madiwani waliondoka na nafasi yao ikachukuliwa na wawakilishi wa wadi, nao huchaguliwa katika wadi 1,450 za kaunti 47. Uzoaji wa taka ni kazi ya kaunti kikatiba, lakini mwakilishi ni mtunga sheria na msimamizi, hali watekelezaji ni gavana na maafisa wake. Pamoja na hayo, mwananchi humpima kwa basari (msaada wa karo), michango ya matanga na usafiri wa maiti. Mgombea wenu aliseme hili mapema, tena kwa upole, kwamba posho ya diwani si bajeti ya kata. Asipolisema, hata akisafisha mitaro yote ataitwa bahili.

Mwanakampeni wa Bondeni

Nimewasomea majibu yenu kikaoni jana usiku. Dada yetu Mama Lishe ameshinda nusu: ubao wa matangazo umeingia kwenye kipeperushi, nao utaonyesha mikopo ya vikundi pamoja na makusanyo ya ada ya taka, kwa kuwa hata hiyo ada watu wanakataa kuilipa wakisema lori haliji, na mkandarasi anasema lori haliji kwa sababu watu hawalipi. Barabara imeshuka hadi mstari wa tatu, na maneno yake yamebadilika kuwa orodha itakayofikishwa TARURA kabla ya bajeti kupitishwa, ikizingatiwa kuwa mwaka wa fedha huanza Julai 1. Suala la misiba lilizua ubishi mrefu, nasi tumemwachia mgombea alitamke kwa mdomo wake.

Taka zimetangulia, lakini hapo hapo tumekwama. Ili guta zifanye kazi kunahitajika kizimba ndani ya kata, na hakuna mtaa unaokitaka. Eneo la wazi pekee ambalo lori linaweza kugeuzia liko mkabala na nyumba ya mgombea, upande ule ule wa baraza tunalofanyia vikao. Mkewe alikuwa anatumiminia chai wakati hilo linatajwa, akaiweka birika chini. Tumempa mgombea hadi Jumamosi atujibu.