Tajiri wa riwaya yangu haonekani: nimtoe mwishoni au nimwache huko huko?

MwanaKilindini

Assalam alaykum, na hamjambo nyote.

Naandika riwaya ya upelelezi, Mombasa ya leo, bandarini na mitaani. Mhusika mkuu ni binti aliyeajiriwa na ajenti wa forodha, ofisi ndogo juu ya duka la vipuri karibu na Mwembe Tayari. Anagundua kuna makontena yanayopita kila mara bila kuguswa na mtu, na kila anayemuuliza humjibu vilevile: "Hiyo ni ya Tajiri." Jina halitajwi. Madereva wa malori kule Changamwe wanamjua kwa sauti, makarani wanamjua kwa sahihi, na mama muuza viazi karai adai aliwahi kupika kwenye harusi yake. Uso wake hakuna aliyeuona.

Sura za mwanzo zimekwenda vizuri, tabu ni mwisho. Dada yangu asema nisipomwonyesha Tajiri nitakuwa nimemdhulumu msomaji. Rafiki yangu mwengine, mwalimu wa fasihi, asema siku nitakayomtoa hadithi imekufa. Nimeandika sura ambayo binti anampata: mzee wa suti nyeupe, nyumba kubwa Nyali, mlinzi mlangoni, dirisha linatazama bahari. Nikiisoma naona tangazo la hoteli.

Basi nishaurini. Nimtoe au nisimtoe? Nikimtoa, awe nani? Na kama hayupo, atakuwaje na uzito sura zote hizo? Tafadhali msiniambie nifuate moyo wangu.

BinTudor

Suti nyeupe itoe leo leo, kabla ya magharibi. Mengine tutazungumza.

Yakhe_wa_Bondeni

Siku hizi bosi asiyeonekana mbona rahisi yakhe. Mtie kwenye grupu la WhatsApp, hana picha, haandiki neno, tiki mbili za buluu tu. Watu watatetemeka.

MpendaVitabu_Kibokoni

MwanaKilindini, kabla hujaamua umtoe au usimtoe, jua kwanza unaye yupi. Hawa mabosi wa kwenye hadithi hawafanani.

Kuna aliyepo pale pale chumbani, ila uso amefichwa. Blofeld wa filamu za James Bond ndiye huyu. Katika From Russia with Love ya 1963 twaona mikono na paka mweupe, basi. Hata kwenye orodha ya waigizaji, mbele ya jina lake wameweka alama ya kuuliza. Ilipofika 1967, kwenye You Only Live Twice, wakatuonyesha: Donald Pleasence na kovu lake. Filamu ya Bond iliyofuata, 1969, Blofeld akawa Telly Savalas. Mwaka wa 1971 akawa Charles Gray. Alipokuwa hana uso alikuwa mtu mmoja. Alipoupata, akawa yeyote aliyepatikana.

Kuna ambaye tumemwona tangu mapema, ila hatukujua kuwa ndiye. Hapa nakusihi utafute The Wire, tamthilia ya runinga ya Kimarekani, msimu wa pili, wa 2003, kwa sababu mambo yake ni ya bandari, Baltimore, makuli na makontena, utajihisi uko Kilindini. (Asiyeitazama aruke mpaka aya inayofuata, msije mkanilaumu.) Wanaomwogopa bosi humwita Mgiriki. Mazungumzo yote hufanywa mezani na msaidizi wake, na pale kaunta kuna mzee amekaa na kikombe chake, hana habari na mtu. Ndiye huyo. Na mwisho wake atwambia kwa ulimi wake kwamba hata Ugiriki wenyewe si kwao.

Halafu kuna ambaye huenda hayupo kabisa. Kwenye mchezo wa Samuel Beckett, uliotolewa jukwaani Paris mwaka 1953, watu wawili wanamngoja Godot. Haji. Anakuja mtoto tu kusema kuwa bwana hatafika leo, kesho bila shaka. Na kwenye 1984, riwaya ya Orwell, mfungwa Winston amuuliza O'Brien, mtesaji wake, kama huyo Kaka Mkubwa, mtawala wanayemtii wote, yupo kama alivyo yeye. Anajibiwa kuwa asiyekuwepo ni yeye Winston. Jibu la kutisha zaidi ya uso wowote.

Sasa kila mmoja wa hawa ana deni lake kwa msomaji. Wa kwanza anadaiwa uso, na uso ule lazima uzidi tulivyojichorea, jambo ambalo ni gumu mno. Wa pili anadaiwa ushahidi: msomaji akirudi sura za nyuma amkute ameketi. Wa tatu hadaiwi uso hata kidogo, anadaiwa wajumbe, watu wanaokuja kwa jina lake na kubadilisha maisha ya wengine. Wewe umeanza na wa tatu. Dereva ana Tajiri wake, karani ana wake, mama wa viazi ana wake. Kisha umemalizia na wa kwanza. Ndiyo sababu ile sura inakukataa. Suti haina kosa, maskini.

BinTudor

Suti ina kosa.

MamaSwafiya

Mimi si mwandishi, ni msomaji, nasomea kwenye feri ya Likoni nikienda na kurudi kazini. Naomba kumpinga kidogo kaka wa Kibokoni. Hayo ya Godot ni mazuri kwa watu wa jukwaani. Mtu aliyesoma kurasa mia tatu za upelelezi ana haki yake, na mimi kitabu kikiniacha hewani simpi mtu akiazime, nakificha.

Lakini si lazima iwe uso. Ndugu yangu ni makanga. Tajiri wa gari yao hajawahi kumtia machoni, na hatamani. Anachokijua ni hesabu. Jioni hesabu ifike, iwe mvua, iwe msongamano wa Changamwe, iwe askari wamesimamisha gari mara ngapi. Siku nzima inapangwa kwa ajili ya ile hesabu: abiria watajazwa vipi, chakula kitaliwa saa ngapi, dereva atakimbia wapi. Ukikaa kwenye ile matatu waweza kumjua tajiri vizuri kabisa bila kumwona, kama ni mchoyo, kama ana huruma mtu akifiwa.

Basi nawe nipe hesabu ya Tajiri wako. Nani akichelewesha hupatwa na nini? Katika ulivyotueleza, watu wanamtaja tu, hakuna aliyelipa. Mimi sijamwogopa bado.

MpendaVitabu_Kibokoni

Bi MamaSwafiya, hapo umenifunga. Nakubali.

KibaruaMstaafu

Salaam. Nimefanya kazi miaka mingi depo za makontena upande wa Miritini, na naona mnamtafutia huyu mtu maficho ya nguvu bure. Bandarini kutoonekana ndiyo kawaida. Kontena haina sura ya mtu. Ina namba, ina sili yenye namba yake, na ina hati ya shehena, ile tunayoiita BL. Kwenye hati pana jina la kampuni. Kampuni ina ajenti. Ajenti ana karani. Karani ana kijana wa kukimbia na makaratasi. Huyo binti yako anaweza kutoa mizigo ya mtu mmoja mpaka anaolewa, na mwenye mzigo akakaa naye meza moja mkahawani asimjue. Hakuna aliyemficha. Hakuna aliyehitaji kumwona.

Kwa hivyo usiandike watu wakinong'ona "hakuna aliyeuona uso wake". Sisi hatuzungumzi hivyo. Twasema mzigo wa fulani umefika, chai iko wapi.

Jambo jengine: pesa. Ukiandika kuwa Tajiri anamtumia karani M-Pesa, umemuumbua, maana jina la mwenye laini latokea. Lazima iwe laini ya mtu mwengine. Mfanye awe nani? Hapo ndipo hadithi yako ilipo, kwa maoni yangu.

Yakhe_wa_Bondeni

Mama wa viazi karai!! Laini ni yake!

MwanaKilindini

Wallahi nimecheka, kisha nikanyamaza. Alikuwa wa mapambo tu yule mama. Adai alipika harusini, na mimi mwenyewe sikujua kwa nini nimeandika vile.

MamaSwafiya, dadangu, umesema kweli, hakuna aliyelipa. Kuna dereva niliyemtoa kazini sura ya nne, nikasema tu "aliacha". Nitarudi kwake, yeye na familia yake.

Mzee KibaruaMstaafu, nakuomba swali moja. Je, yawezekana mzigo ukabadilisha mwenyewe katikati ya safari? Nataka binti afuate jina moja kisha limpotee mkononi.

KibaruaMstaafu

Yawezekana, na ni halali kabisa. BL ikiwa imeandikwa kwa amri ya mwenye kuishika, yeye husaini nyuma yake na kumpa mwengine, na meli iko baharini bado. Aliyepakia nje si lazima awe ndiye atakayepokea hapa. Mpe binti yako hati yenye sahihi kadhaa mgongoni. Ya mwisho ndiyo yenye mali.

MpendaVitabu_Kibokoni

Subhanallah. Basi Tajiri si mtu, ni cheo kinachopokezanwa. Dereva na karani na mama, kila mmoja alikuwa akisema kweli, ila si juu ya mtu yule yule. Kafka ana kitu karibu na hiki kwenye riwaya yake Das Schloss, iliyotoka 1926: yule mkubwa Klamm, wanakijiji hawaelewani anafanana vipi, akija ana sura hii, akiondoka ana nyengine. Wewe sababu yako ni ya karatasi, na mimi naiona bora kwa riwaya ya bandarini. Uso huhitaji. Deni la msomaji utalilipa kwa sahihi.

MamaSwafiya

Na sahihi ya mwisho iwe ya mtu ninayemjua. Hilo siwaachii.

MwanaKilindini

Itakuwa ya mtu unayemjua, dadangu, na si mama wa viazi, maana Yakhe ameshaitangazia dunia. Nyumba ya Nyali nimeifuta na suti yake. Mzee Kibarua, sura ikiwa tayari nitakuletea uniangalizie hizo sahihi za mgongoni, zinakwenda juu kushuka au vipi.

KibaruaMstaafu

Lete. Na mwandike kijana wa kukimbia na makaratasi vizuri, nyote mmemsahau.