Joto hili na wazee wetu nyumbani, tupeane uzoefu

Mtoa mada (Mbagala)
Wakuu habari za mchana. Bi mkubwa wangu ana miaka 74, Desemba nilimtoa Njombe aje akae na wajukuu, kashuka Dar na sweta lake na hataki kulivua, eti upepo. Sasa Januari narudi kazini jioni namkuta kajilaza ananiita jina la marehemu mjomba, midomo imekauka, mwili wa moto. Nkajua malaria. Kufika dispensari kipimo hakioni kitu, nesi akauliza tu, mama amekojoa mara ya mwisho lini? Hamna aliyejua. Kumbe anatumia dawa ya presha ile inayokojoesha na maji hanywi, na akija kusema ukweli ni kwamba choo chetu kiko uani, anaona haya kupita mbele ya wapangaji kila saa na kopo mkononi. Yaani alikuwa anajibania maji makusudi na mi nalaumu joto. Nyie wenzangu mnafanyaje na wazee?

Wa Tanga
Pole sana mkuu. Sie nyumba ni bati tupu hamna dari, saa kumi na moja jioni ndani bado ni oveni maana bati linashika moto. Babu tunamhamishia chini ya mwembe kuanzia saa tano na kiti chake na redio yake. Usiku kanga mbichi shingoni na feni, luku ikiisha tunapepea kwa zamu na ungo 😂

Kisauni
Kwetu taabu ni insulini ya nyanya yetu mwenye kisukari, stima zikipotea friji ni kabati tu. Tulifundishwa chungu ndani ya chungu, katikati mchanga unaumwagia maji asubuhi na jioni, kichupa unakifunga kwa mfuko unaweka ndani. Usiiweke kwa barafu, ikiganda ndio imeharibika hiyo. Na madafu mnayowapa wazee mkidhani ni maji tu, yana sukari na potasiamu, mwenye figo aulize daktari kwanza.

Niko Muscat
Nyie huko joto ni kama nyuzi 33, huku Oman Juni inagonga 45 na kupanda. Sheria inakataza kazi za juani saa sita na nusu mchana mpaka tisa na nusu, Juni hadi Agosti, lakini mzee wa nyumbani nani atamkataza? Baba mkwe saa saba huyo anamwagilia mitende yake. Siku alipopata kizunguzungu tukakimbilia bomba tummwagie maji, maji yanachoma, tangi liko juu ya paa linapigwa jua kutwa. Tangu hapo kiangazi kuna ndoo imejaa ndani kwenye AC, haiguswi na mtu.

Nesi mstaafu
Huyo wa Muscat kasema jambo. Mzee akiwa wa moto halafu anaongea visivyoeleweka msimwambie apumzike kwanza, hiyo ni hospitali sasa hivi, na wakati mnatafuta usafiri mlowesheni mwili mzima mkimpepea, hata kwenye bajaji endeleeni. Panadol haishushi joto la aina hiyo. Kama hamezi vizuri msimlazimishe maji, yatampalia. ORS, ule unga wa kurudisha maji na chumvi mwilini, pakiti nyingi ni za lita moja nzima, wengi mnaikoroga kwenye glasi. Mtoa mada, dawa ya presha usimwachishe mwenyewe, rudi kwa daktari aangalie dozi. Na mwenye moyo uliochoka kuna wengine wamewekewa kipimo cha maji kwa siku, kwa hiyo hii ya "mpe maji mengi" siyo ya kila mzee. Msisubiri aseme ana kiu, uzeeni kiu inapungua, mpe kikombe kidogo kidogo ukiwa umekaa naye.

Wa Tanga
Ramadhani je? Babu hataki kusikia habari ya kula mchana.

Kisauni
Wetu sisi watoto alitukatalia katakata, akaja shehe wa mtaa akakaa naye wakaongea fidia, yaani kulisha maskini badala ya kufunga, akakubali siku hiyo hiyo.

Mtoa mada (Mbagala)
Asanteni sana. Nimenunua ndoo yenye mfuniko iko chumbani kwake usiku, mjukuu anaimwaga alfajiri kabla wapangaji hawajaamka. Maji sasa anakunywa bila kuombwa. Sweta bado kalivaa, na kila siku ananiuliza basi la Njombe linaondoka saa ngapi.