Serotonini huhifadhiwa wapi mwilini?

Mwanafunzi wa uuguzi: Habari zenu, ndugu zangu. Tumefundishwa kwamba serotonini hupeleka taarifa kutoka neva moja hadi nyingine katika ubongo, kisha mwalimu akasema nyingi imo tumboni. Je, ile ya tumboni hupanda kichwani inapohitajika?

Daktari: Haipandi, ndugu yangu. Takriban asilimia 90 ya serotonini ya mwili imo katika njia ya chakula, hasa ndani ya seli za enterokromafini zilizotawanyika kwenye utando wa ndani wa utumbo. Seli hizo huitengeneza kutokana na triptofani tuipatayo katika protini ya chakula, huiweka akiba ndani ya vifuko vidogo, na chakula kinapoukandamiza ukuta wa utumbo huimwaga, nayo huziamsha neva zinazosukuma chakula mbele. Ya ubongoni hutengenezwa hukohuko, na neva ambazo chimbuko lake ni shina la ubongo, kwa kuwa kizuizi kilichopo kati ya damu na ubongo hupitisha triptofani lakini serotonini yenyewe huizuia.

Mtaalamu wa maabara: Naomba niongeze ghala la tatu, ambalo husahauliwa mno: chembe sahani za damu. Hizi haziitengenezi serotonini. Huifyonza kutoka kwenye damu inayopita utumboni na kuifungia ndani ya chembechembe zake nzito. Mshipa unapokatika, chembe sahani hukusanyika kwenye jeraha na kuiachilia, na hivyo kusaidia mshipa kujikaza na damu kuganda. Ndiyo sababu damu ikigandia kwenye chupa ya kipimo, majimaji yanayobaki juu huwa na serotonini nyingi, na ni katika majimaji ya aina hiyo, ya damu ya ng'ombe, ambamo wanasayansi Rapport, Green na Page waliipata huko Cleveland, Marekani, mwaka 1948.

Mwanafunzi wa uuguzi: Ahsanteni sana. Basi dawa za sonona zinazozuia neva kuifyonza tena serotonini huzigusa pia chembe sahani?

Daktari: Naam, kwa sababu mlango wa kuifyonza ni uleule. Chembe sahani hupungukiwa na akiba yake, na mgonjwa huweza kutokwa na damu kwa urahisi zaidi, hasa akitumia pamoja nazo aspirini au dawa za maumivu kama ibuprofeni. Kwa hiyo unapoandika historia ya mgonjwa kabla ya upasuaji, muulize dawa hizo kwa majina, bila wewe mwenyewe kumwachisha kuzitumia, maana uamuzi huo ni wa daktari wake.