Tupeane uzoefu: mtoto mdogo akishikwa na malaria na zahanati iko mbali

Mkulima wa Bondeni (Kilombero):
Wakuu, msimu wa mpunga wengi huku tunahamia mashambani, tunalala vibandani, zahanati inabaki kijijini. Wenye watoto wa chini ya miaka 5, elezeni mnafanyaje homa ikipanda usiku.

Naanza mimi. Wetu ana kilo 11. Alipimwa kwa kipimo cha haraka cha tone la damu, akakutwa nayo, tukapewa ALU, ile dawa ya mseto ya malaria: kidonge kimoja mara sita, kwa siku 3. Mtihani ni dozi ya pili. Hiyo ni masaa 8 baada ya ya kwanza, siyo 12. Ukianza saa 2 usiku, ya pili ni saa 10 alfajiri, na mtoto ndiyo kwanza kapata usingizi. Mke wangu humwamsha hivyo hivyo. Anasaga kidonge kati ya vijiko viwili, anakoroga na maji kidogo, kisha anampa uji wa karanga, maana dawa hii mwili unaipokea vizuri ikikuta mafuta. Akiitapika ndani ya nusu saa, anarudia dozi ileile, na hapo inabidi turudi zahanati kuomba kidonge cha kufidia. Homa huwa imeshuka siku ya pili, lakini dozi tunaimaliza.

Bibi wa Kasulu:
Mwanangu, mkeo yuko sahihi. Mimi nimeyaona ya degedege. Mjukuu wangu macho yaligeuka, akakakamaa. Majirani wakasema akichomwa sindano atakufa, mmoja akaja na kinyesi cha tembo tumfukize. Nilikataa. Nilimlaza ubavu, sikumtia kitu mdomoni, baba yake akawasha pikipiki. Zahanati walimwekea artesunate, dawa ya malaria kali, kwa njia ya haja kubwa, wakatupa rufaa, na hospitali akachomwa sindano za artesunate hadi akaweza kumeza. Yuko darasa la pili sasa. Inaniuma sana kuona mtoto anafukizwa moshi huku muda unakwenda.

Mama Ndhiwa (Homa Bay, Kenya):
Pole bibi, na hongera kwa msimamo. Kwetu chanjo ya malaria ilianza Septemba 2019. Ni dozi nne, na ile ya mwisho ndiyo kina mama wengi husahau kwa kuwa mtoto ashakuwa mkubwa. Wangu alizipata zote. Bado aliugua mara moja, ila hakuzidiwa, na neti hatujaiacha.

Muuguzi wa zamu:
Nyongeza: kipimo kikionyesha hana malaria, msidai ALU. Ombeni aangaliwe kifua na masikio, homa ya nimonia nayo inaua.

Mkulima wa Bondeni:
Shikamoo bibi, asanteni nyote. Swali: rufaa ikitoka usiku, hela ya bodaboda mnaitoa wapi?

Mama Ndhiwa:
Chama chetu cha akina mama kina kasanduku ka dharura. Mweka hazina anaishi karibu na barabara, anagongewa saa yoyote, na deni hulipwa baada ya mavuno.