Nyumba ya kona inavunjwa

*Majirani Sinza, mtaa wa mwarobaini*

Mama Junior: Habari za asubuhi majirani. Nyumba ya kona inabomolewa tangu saa 12. Vumbi limeingia mpaka kwenye vyombo. Kuna anayejua panajengwa nini?

Mjumbe: Salama. Warithi wameuza. Kibali nimekiona, ni ghorofa 4 za kupangisha.

Bibi wa Mwarobaini: Poleni na vumbi wanangu. Mimi chai imenishinda kabisa. Ile nyumba ilikuwa ya pili kuinuka hapa mtaani, baada ya yangu.

Dogo wa Chuo: Shikamoo Bibi. Kwani hizi nyumba za zamani si zilijengwa na serikali?

Bibi wa Mwarobaini: Marahaba. Hapana mwanangu, serikali ilitupimia viwanja, kujenga ni juu yako. Mradi ulianza 1974 kwa mkopo wa Benki ya Dunia: Sinza, Kijitonyama na Mikocheni. Manzese wao waliboreshewa palepale walipokuwa, na baadhi ya waliobomolewa kupisha barabara wakaletwa kwenye viwanja vipya. Babu yenu alikopa Benki ya Nyumba. Chetu ni mita 12 kwa 24. Tulihamia chumba kimoja kikiwa na bati, vingine unatazama nyota. Usiku ni vyura tu.

Mama Junior: Vyura Sinza hii! Leo kulala ni mpaka baa zizime muziki.

Baba Pili: Sensa ya 1978 mkoa mzima wa Dar ulikuwa na watu 843,090. Ya 2022 ikatoka 5,383,728. Hao wote wamelala wapi kama si kwenye viwanja hivihivi? Kwangu uani nina wapangaji sita, na kodi yao ndiyo imesomesha watoto. Siwezi kumlaumu anayepandisha ghorofa.

Bibi wa Mwarobaini: Wala mimi simlaumu Baba Pili. Waje, sisi wenyewe tulikuja. Yule marehemu mwanamuziki Remmy Ongala alitoka Kongo, akaishi hapahapa Sinza, leo kituo kinaitwa Kwa Remmy na konda anakitaja mara mia kwa siku. Shekilango naye alikuwa waziri, alikufa kwa ajali ya ndege 1980. Nyie mnapita tu barabarani kwake.

Dogo wa Chuo: Kumbe Shekilango ni mtu! Miaka yote hii mimi najua ni jina la barabara.

Bibi wa Mwarobaini: Kinachoniuma ni kichochoro. Wapimaji walikiacha makusudi, maji ya mvua yapite yaende Mto Ng'ombe. Mimi nilikuwepo wakipiga zile bikoni za mipaka. Sasa mafundi wanamwaga kifusi humo. Masika yakija, maji yatalala kwa Mama Junior na kwangu.

Mama Junior: Ni kweli kabisa. Mwaka juzi nilipandisha godoro juu ya meza, mtoto akalala mgongoni. Sirudii tena.

Mjumbe: Nimetoka huko sasa hivi. Nimeongea na msimamizi, kifusi kinahamishwa leo na nimemwonyesha bikoni mbili ambazo bado zipo. Kesho saa 2 asubuhi naenda na mtu wa ardhi. Baba Pili, tafadhali tuongozane.

Baba Pili: Nipo, Mjumbe.

Bibi wa Mwarobaini: Mungu akubariki. Nina ombi moja tu. Uani kwao, kwenye karo la kuogea, kuna tarehe marehemu mwenye nyumba aliichora kwa msumari saruji ikiwa mbichi: 12.7.78. Ndoo ya maji nilimshikia mimi. Wasilivunje hilo.

Dogo wa Chuo: Bibi, nimeingia nimeliona. Tarehe bado inasomeka, ile 7 ina kamstari katikati.

Bibi wa Mwarobaini: Ndivyo alivyokuwa anaiandika.

Dogo wa Chuo: Fundi amekubali kukikata kile kipande kabla hawajafika uani. Ni kizito, naomba mwenye guta.

Baba Pili: La kwangu lipo getini. Lichukue.

Bibi wa Mwarobaini: Kileteni hapa chini ya mwarobaini. Nawachemshia chai.